Vijana wetu wana moto na wanajituma, sasa kwanini kampuni zao zinakufa mapema?

Kila siku tunaambiwa ukiwa na shauku na ukijituma biashara itasimama, mimi naona hadithi haiishii hapo. Nianze na parachichi maana huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kwa sasa ndo biashara inayotajwa kuliko zote, uwe Tukuyu, uwe Njombe mjini, Lupembe, Makambako au Mufindi, kila mwenye kipande cha ardhi anataka miti ya parachichi aina ya Hass na kila kijana aliyemaliza chuo anataka kampuni ya kupeleka mzigo nje. Mimi napenda sana hilo. Ila parachichi halina haraka na mtu, mche uliobebeshwa unaanza kukupa matunda ya kueleweka mwaka wa tatu, mavuno yenyewe ya kuhesabika ni mwaka wa tano wa sita kwenda mbele, na katikati hapo kuna palizi, kuna kumwagilia kiangazi, kuna moto wa nyasi wa jirani anayesafisha shamba lake unaingia kwako usiku. Siku ya kupanda kila mtu ana mzuka, watu wanapiga picha na miche wanaweka stetasi. Mwaka wa pili mwezi wa tisa, jua kali, hela ya kibarua imeisha na hakuna hata tunda moja la kuuza, hapo ndo unawajua waliobaki.

Na hao waliobaki, kwa jinsi nilivyowaangalia, mara nyingi sio wale waliokuwa na maneno makali siku ya kwanza. Ni wale ambao njiani walipata kitu kidogo kikawapa nguvu. Mmoja alijifunza kubebesha miche mwenyewe akaanza kuwauzia majirani, mwingine alipanda maharage katikati ya mistari akapata hela ya mbolea, mwingine aliona miche yake 10 imefufuka baada ya kubadilisha namna ya kumwagilia basi toka siku hiyo haongei kingine. Ile shauku tunayoambiwa ndo ya kuanzia, wao waliipata wakiwa tayari kwenye kazi.

Hii sisemi kwa macho tu. Michael Gielnik na wenzake walitoa utafiti mwaka 2015 uliofanyika Ufilipino, waliwafuatilia wajasiriamali 54 kwa wiki 8, kila wiki wanawauliza umejituma kiasi gani na una shauku kiasi gani na biashara yako, halafu wakaangalia kipi kinatangulia kipi kinafuata. Juhudi za wiki hii ndo zilizoonyesha shauku ya wiki inayofuata itakuwaje, upande wa pili, kwamba shauku ndo inazaa juhudi, hawakuuona. Wakafanya na jaribio jingine, wakakuta juhudi inazaa shauku pale mtu anapoona anasogea na pale kazi yenyewe ameichagua kwa hiari yake. Haya mambo mawili, kusogea na kuchagua mwenyewe, nayaona ndo kila kitu kwa vijana wa huku, maana tumekuwa tukiwafundisha kinyume chake. Kwenye semina za ujasiriamali mjini Mbeya au Iringa mtu anasimama na maiki masaa mawili anawaambia vijana tafuta pasheni yako, yaani hiyo shauku, ukiipata hutachoka, na vijana wanarudi geto wanakaa wanaisubiri hiyo pasheni kama mtu anayesubiri simu. Wengine wanahama biashara kila baada ya miezi mitatu kwa sababu wakichoka kidogo wanajua "hii sio pasheni yangu". Kumbe kuchoka mwanzoni ni kwa kila mtu, mambo hayaendi, huna ujuzi, hujamjua mteja, utaipendaje kazi ambayo bado huiwezi?

Sasa tuje kwenye kujituma, maana hapa ndo naona tunadanganyana zaidi. Watu wa Nyanda za Juu Kusini hawana shida ya uvivu jamani. Nenda Isyonje, mkoani Mbeya, mwezi wa saba alfajiri, baridi inakata vidole, utakuta akina mama tayari wapo barabarani na viazi vyao, wamevitoa shambani jana jioni, wamechambua, wameshona magunia. Na magunia yenyewe wanashinikizwa wayajaze lumbesa, kile kilemba cha juu ambacho Wakala wa Vipimo wanakipiga marufuku kila mwaka na kila mwaka kipo, kisheria gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100 ila mnunuzi akija na Fuso lake anasema bila lumbesa sichukui, na mama ana mtoto wa kulipia ada jumatatu. Huyu mama anajituma kuliko sisi wote tunaoandika na kusoma. Akiongeza saa mbili za kulima atapata viazi vingi zaidi vya kupunjwa. Kinachommaliza hakipo kwenye bidii yake, kipo kwenye mauzo, hana mzani wake, hana ghala la kumwezesha kusubiri bei, na kila mwenzake anauza siku ileile kwa mtu yuleyule.

Kwahiyo mtu akiniambia kijana fulani kampuni yake ilikufa kwa sababu hakukaza, nauliza alikuwa anakaza wapi. Juhudi zinatofautiana sana. Kuna kurudia kitu kilekile kwa nguvu zaidi, na kuna kuhangaika kubadilisha kitu. Turudi kwa wale wa parachichi. Kuna vijana wanaamka saa kumi usiku wanazunguka vijiji na kirikuu kukusanya matunda, wanakwea miti wenyewe, wanafanya kazi ya kutisha, ila wanachuma yakiwa bado hayajakomaa ili wawahi bei ya mwanzo wa msimu. Parachichi likichumwa changa haliivi vizuri, linasinyaa linakuwa kama mpira. Mzigo ukikaa kwenye kontena la baridi wiki tatu nne baharini, ukifunguliwa huko Ulaya mnunuzi anakuta hayo, hatafuti jina la yule kijana, anasema mzigo wa Tanzania hapana. Bidii ya mtu mmoja imeharibu soko la wilaya nzima.

Na kupima ukomavu ni kitu cha kawaida kabisa ambacho kijana wa form four anakiweza. Unachukua kipande cha nyama ya tunda, unapima kwenye mzani mdogo wa kidijitali, unakikausha mpaka maji yote yaishe, unapima tena. Kama gramu 100 zimebaki 23 basi una asilimia 23, na wanunuzi wengi wa nje wanataka isipungue kati ya 21 na 24 kutegemea na soko. Yaani mzani, kitu cha kukaushia na daftari. Kijana anayeweza kumwambia mnunuzi "huu mzigo nimeupima, hizi hapa namba za kila shamba" ameshakuwa kampuni hata kama hana ofisi, na hizo ndo juhudi ninazozitaka mimi.

Togo walifanya jaribio zuri sana juu ya hili, matokeo yakatoka 2017. Walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500 wa pale Lomé, watu kama wa kwetu tu hapa, washonaji, wauza duka, mafundi, wakawagawa makundi matatu ya watu 500. Kundi moja halikupewa kitu, kundi la pili likapewa mafunzo ya kawaida ya biashara, mahesabu, masoko na kodi, kundi la tatu wakafundishwa namna ya kuanzisha mambo wenyewe bila kusubiri kusukumwa, kutafuta fursa mpya, kujiwekea malengo, kutabiri vikwazo na kurudi tena wakikwama. Baada ya miaka miwili na kidogo hili la tatu faida yao ilikuwa juu kwa asilimia 30 ukilinganisha na wasiofundishwa, wale wa mafunzo ya kawaida walipanda kama 11 hivi ambayo kitakwimu haikutosha kusema ni mafunzo yaliyofanya. Hawa wa kundi la tatu walifundishwa kuangalia upya wanachofanya, wakaleta bidhaa mpya, wakakopa zaidi, wakawekeza zaidi. Nikisoma hayo nawaza vyuo vyetu hapa, MUST (kile cha sayansi na teknolojia Mbeya), Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, kozi ya ujasiriamali karibu kila mwanafunzi anaipitia, ila ni wangapi wanatolewa darasani wakaambiwa wiki hii nenda kauze kitu, rudi utuambie ulikataliwa vipi na umebadilisha nini.

Nizungumzie na hii apu, programu ya kwenye simu. Kila mwaka, kila shindano la ubunifu, lazima lije wazo la apu ya kumuunganisha mkulima na mnunuzi moja kwa moja "ili kumuondoa dalali". Vijana wanaolileta wana uchungu wa kweli, wengi wazazi wao ni wakulima waliopunjwa, moto wao hauna maswali. Na wanafanya kazi, wanakesha na laptopu mpaka asubuhi. Ila hawajakaa na dalali hata siku moja wakaona anafanya nini. Twende Ilula kwenye nyanya. Dalali ndiye aliyemkopesha mkulima hela ya dawa mwezi wa kwanza wa shamba, ndiye anayejua ni Fuso la nani linaondoka leo na dereva gani hasimami ovyo njiani, ndiye anayechambua tenga kwa macho akajua hizi zitafika Dar zikiwa nzima na hizi ziuzwe hapahapa Iringa, ndiye mwenye mtu wake sokoni huko wa kupokea mzigo usiku wa manane, na mzigo ukioza njiani kuna hasara anaibeba yeye. Kumjua mnunuzi ni sehemu ndogo tu ya kazi yake. Sasa we unakuja na apu yenye namba ya simu ya mnunuzi, mkulima anafurahi, anapiga, mnunuzi anasema sawa lete, halafu? Nani anabeba, nani anachambua, nani analipa leo, zikioza nani anakula hasara?

Nasema hivi simtetei dalali anayepunja, wapo na wanaumiza watu. Nasema ukitaka kumtoa lazima ufanye kazi zake zote na uzifanye vizuri kumzidi, na hiyo ina gharama kubwa. Majirani zetu Kenya wana Twiga Foods, kampuni ya kusambaza mazao na vyakula, ilianza 2014 na ndizi, ikachangisha mamilioni ya dola, na bado mwaka 2023 ikalazimika kupunguza wafanyakazi kwa mamia na kubadilisha namna ya kusambaza bidhaa. Kama wenye mitaji ile wamehenyeka hivyo, kijana wa Mbeya mwenye laptopu moja na bando la wiki inabidi achague kipande kimoja tu cha kazi ya dalali, labda ni kuchambua na kupanga madaraja, labda ni matenga yasiyoumiza nyanya, labda ni kuunganisha mizigo midogo ijaze gari moja, akiweze hicho kwanza mpaka watu walipe.

Na kukiweza kunatokana na kukaa ndani ya kazi. Tumewajaza vijana picha ya Mark Zuckerberg aliyeanzisha Facebook 2004 akiwa na miaka 19, basi mtu akifika 27 hana kampuni anajiona amechelewa. Pierre Azoulay, mtafiti wa chuo cha MIT Marekani, na wenzake walipitia takwimu za waanzilishi wa kampuni milioni 2.7 wa Marekani, wakakuta wale ambao kampuni zao zilikua haraka kuliko zote, moja kati ya kila 1,000, wastani wa umri wao siku wanaanza ulikuwa miaka 45. Na mtu aliyewahi kufanya kazi miaka mitatu au zaidi kwenye sekta hiyohiyo alikuwa na nafasi kubwa zaidi kwa asilimia 85 ya kuanzisha kampuni ya kiwango hicho kuliko ambaye hana uzoefu nayo. Marekani sio Mafinga najua, huko kuna mitaji na soko jingine, ila hilo la uzoefu nadhani huku ndo lina uzito zaidi, sababu maarifa yetu mengi hayajaandikwa popote, yapo vichwani mwa watu. Unataka kufanya biashara ya mbao? Kafanye kazi kiwanda cha mbao Mafinga, ujue mti wa miaka 8 na wa miaka 18 unatofautianaje ukipasuliwa, ujue mbao mbichi inapinda vipi na nani anailipa hasara ile. Unataka maziwa? Kashinde kwenye kituo cha kukusanyia maziwa Rungwe, uone yanapimwaje, yanakataliwa kwanini, maziwa ya jioni yanaenda wapi. Asas, wale wenye kampuni ya maziwa Iringa, hawakufika walipo kwa kuyatazama maziwa kwenye prezentesheni. Kuajiriwa miaka mitatu kwenye kazi unayotaka kuifanyia kampuni sio kushindwa, na wazazi nao waelewe hivyo wasimharakishe kijana.

Kuna jambo jingine kuhusu shauku, inaweza kukufunga. Ukiipenda sana bidhaa yako unaacha kumsikia mteja. Mfano wa Mtanzania mwenzetu Benjamin Fernandes na NALA yake naupenda kwa sababu hiyo, walianza na apu ya malipo ya ndani hapa nchini, watu wakaipenda, walipofika 2021 wakageukia kutuma pesa kutoka Uingereza na Marekani kuja Afrika, biashara tofauti kabisa. Julai 2024 wakatangaza kupata mtaji wa dola milioni 40. Wangekuwa wameipenda apu ya kwanza kuliko tatizo lenyewe wasingegeuka. Na kwa haki, tuseme pia kwamba Fernandes alisoma chuo cha Stanford Marekani na kampuni yake ilipita Y Combinator, programu ya huko huko inayolea na kupa mtaji kampuni changa, hivyo vina maana, vinafungua milango ambayo kijana wa Vwawa hata hajui ipo. Ukisimulia habari ile kwa vijana ukaacha hayo ukabakiza "alipambana akafika", unawaonea, wataenda nyumbani wakidhani kilichowakosesha ni moyo.

Hapo ndo panaponiuma kuliko pote. Kuna watu wameanguka na hawakukosa moyo wala bidii. Soko la Mwanjelwa hapa Mbeya liliungua 2006, soko la Sido jirani yake likaungua tena 2017, watu walilala na maduka wakaamka na majivu huku wana marejesho ya mkopo mwisho wa mwezi. Wapo walioanza upya na wapo ambao hawakurudi tena sokoni. Ukiwaambia hawa kwamba anayefanikiwa ni anayetaka kweli, unawaambia nini? Kwamba yule mwenye bima au mwenye kaka wa kumkopesha alikuwa anataka kuliko wao? Mama mwenye genge ambaye kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, wamembebea friji na meza kwa deni la laki mbili lililozaa, biashara yake haijafa kwa kukosa shauku, imekufa kwa riba. Maneno haya ya pasheni yakitumika vibaya yanakuwa njia ya kumlaumu aliyeumia, na vijana wakiumia mara moja wanayaamini, wananyamaza, wanaona aibu hata kusimulia kilichotokea. Na kisiposimuliwa anayefuata anaingia shimo lilelile. Natamani tuwe na jukwaa Mbeya hapa, hata mara moja kwa mwaka, la watu ambao biashara zao zilifungwa, waje waseme hela iliishia wapi, nani hakulipa, bei gani walikosea, bila mtu kuwahubiria.

Na kwa kuwa ile mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani imerudi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, baada ya kusimamishwa 2023 na kuanza tena 2024, nina ombi kwa wanaokaa kwenye kamati za kupitisha. Msipime kikundi kwa ukali wa maneno yao wala uzuri wa andiko, andiko siku hizi linaandikwa stesheneri kwa elfu kumi. Waulizeni nani ameshawalipa mpaka leo, kiasi gani, amerudi mara ya pili au hakurudi, na kama hakurudi wamejua kwanini. Kikundi chenye daftari la wateja, hata kama ni wateja 15 wa mtindi hapo Uyole, kipewe hela ya jokofu. Kikundi ambacho hakina mteja hata mmoja kisinyimwe moja kwa moja, kipewe hela ndogo ya nauli na sampuli pamoja na miezi mitatu ya kumtafuta huyo mteja, kirudi na majibu, na majibu hayo yaandikwe yabaki halmashauri ili kikundi kingine kikija na wazo lilelile kiyasome kwanza.